Muuza Mboga na Askari

Insha iliyo bora hupimwa kwa maswali mawili: je, mwandishi amesema kweli? Na je, amesema kweli yote? Insha ya Václav Havel, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni "Nguvu za Wasio na Nguvu", yalijibu swali la kwanza kwa heshima kubwa. Kwa swali la pili, yafaa tuihoji.

Havel alikuwa mtunga michezo ya kuigiza katika Chekoslovakia, nchi iliyotawaliwa na chama cha Kikomunisti tangu mwaka 1948. Mwaka 1968 viongozi wa chama hicho wenyewe walijaribu kulegeza kamba, wakayaacha magazeti yaseme. Usiku wa tarehe 20 Agosti vifaru vya Urusi na vya nchi rafiki zake viliingia, na kamba ikakazwa tena. Miaka 10 baadaye Havel aliandika insha hii. Haikuweza kuuzwa dukani. Ilipigwa kwa taipureta, ikapita kwa siri toka mkono hata mkono. Mwaka 1979 mwandishi alikamatwa kwa kuwatetea watu walioonewa na serikali, akakaa kifungoni hata mwaka 1983.

Mfano wake mkuu ni muuza mboga. Mtu huyu huweka dirishani, kati ya vitunguu na karoti, kibao kiwahimizacho wafanyakazi wa dunia kuungana. Maneno hayo hayamshughulishi. Huyaweka kwa kuwa wote huyaweka, na asipoyaweka atapata taabu. Maana ya kibao ni moja tu: mimi ni mtiifu, basi niacheni salama. Kwa mfano huo Havel aonyesha kwamba serikali ya namna ile haisimami juu ya bunduki peke yake, bali juu ya uongo mdogo wa kila siku ambao kila raia huuchangia. Akiuondoa mchango wake mmoja, nyumba nzima huanza kutikisika.

Mfano huu ni mzuri kwa sababu haumlaumu mtawala tu, ukamwacha mtawaliwa aende zake safi. Humtaka kila msomaji ajichungulie dirishani mwake mwenyewe.

Lakini watu wengi wakiondoa vibao siku moja, huwaje? Mwezi wa Juni 1953 wajenzi wa Berlin Mashariki waligoma kwa kuongezewa kazi. Kesho yake, tarehe 17, watu wa miji mingi waliandamana wakidai uchaguzi huru, na vifaru vya Urusi vikawatawanya. Serikali iliyojiita ya wafanyakazi iliokolewa na mizinga dhidi ya wafanyakazi. Mwaka 1956 watu wa Budapest walifanya vivyo hivyo. Vifaru vikarudi tarehe 4 Novemba, na waziri mkuu wao, Imre Nagy, akanyongwa mwaka 1958. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mwongo mwenye vifaru alikwenda zaidi ya miaka 40.

Havel adokeza kwamba raia mmoja asemaye kweli aweza kulivua jeshi silaha, wakati ukiiva. Hapa ndipo nimshikapo. Ni nini kiuivishacho wakati? Insha haitoshelezi.

Hebu tulinganishe miji miwili. Katika Beijing, mwaka 1989, wanafunzi waliodai uhuru walikaa uwanjani kwa majuma mengi, na wakazi wa mji wakazuia magari ya jeshi kwa miili yao. Jenerali mmoja, Xu Qinxian, alikataa kuwaongoza askari wake dhidi ya raia. Akavuliwa cheo, akafungwa. Wengine walitii. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni walipiga risasi, wakaua watu kwa mamia, kama si zaidi. Katika Leipzig, tarehe 9 Oktoba mwaka ule ule, watu wapatao 70,000 waliandamana mbele ya askari waliokwisha wekwa tayari. Moscow haikuwa tena na nia ya kuleta vifaru, wakubwa wa Berlin walisitasita, na amri ya kupiga risasi haikuja. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ulifunguliwa.

Ushujaa wa wanafunzi wa Beijing haukupungua hata chembe ukilinganishwa na ule wa watu wa Leipzig. Tofauti ilikuwa kwa wenye kuamuru na wenye kuamriwa. Askari naye ana kibao chake, nacho ni amri. Xu alikiondoa, lakini wenziwe hawakutosha.

Mwezi wa Novemba 1989 polisi wa Prague waliwapiga wanafunzi waandamanaji. Majuma machache baadaye serikali ilianguka, na tarehe 29 Desemba Havel alichaguliwa kuwa rais. Wako wasemao kwamba siku ile historia iliithibitisha insha yake. Hakimu asikiaye shahidi mmoja hakosi kuhukumu upesi. Shahidi wa pili ni Beijing, na ushahidi wake haufutiki.

Soma basi insha hii, ewe kijana, wala usiidharau. Imemwona muuza mboga kuliko insha yo yote niijuayo. Ukisha isoma, ongeza mwenyewe sura iliyopungua: sura ya askari.