Mteuzi wa Kahawa Safarini

Mteuzi haishi tamaa, na kwetu Umoja, Eastlands, methali hiyo hunishukia mimi kila familia inapofunga mizigo. Wenzangu wanatafuta soksi na chaja za simu. Mimi natafuta mashine yangu ya mkono ya kusagia, kichujio cha kitambaa na kahawa iliyokaangwa wiki hiyo hiyo. "Baba watoto, tunaenda likizo ama unahamisha maabara?" mke wangu huuliza. Shemeji yangu ndiye mkali zaidi. Anasema mtu anayenunua maji kwa mtungi hana haki ya kuringia kikombe.

Hapo shemeji anakosea, maana mtungi ndio ulionifunza. Kikombe cha kahawa karibu chote ni maji, na mkazi wa Eastlands anayajua maji kuliko mtu yeyote wa Nairobi. Anajua siku ya mfereji na siku ya mkokoteni. Maji mengi ya mfereji hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994: maji ya mito ya Aberdare, mepesi, yasiyo na neno. Ya kisima huwa na kaladha ka magadi. Na magadi ni adui wa kahawa ya Kenya, kwa sababu huuzima ule uchachu wake wa matunda, ambao wanunuzi wa Ulaya na Marekani huulipia pesa nyingi. Ndiyo maana nikisafiri hubeba na chupa mbili za maji ya nyumbani. Wacha wacheke.

Halafu kuna moto. Eastlands iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka yakiwa hayajafika nyuzi 95, na joto hilo ndilo kahawa iliyosagwa inalotaka. Umoja namimina moja kwa moja kutoka birikani. Mombasa maji hufika nyuzi 100. Ukiyamwaga vile vile yataikamua kahawa kupita kiasi, utoe uchungu wa dawa. Kwa hiyo nikiwa pwani naondoa kifuniko, nasimama, nangoja. Watu wa nyumbani, wenye njaa, wanaona ni madaha.

Ila nisije nikaeleweka kwamba ufundi huu ulitufikia pamoja na mikahawa ya vioo. Pumwani ilianzishwa mapema miaka ya 1920, na Waislamu wengi walioishi mtaa wake wa Majengo walikuwa na desturi ya kahawa ya pwani tangu zamani. Hadi leo, maghribi ikishaswaliwa, utamkuta muuzaji na birika lake juu ya makaa, vikombe vidogo ndani ya karai la maji, kashata pembeni. Kuna mzee mmoja huko niliyezoea kukaa naye akikaanga. Sufuria yake ni nzito, imepinda ukingo. Makaa yake hayana mwali. Mwiko hausimami hata akisalimiwa. Anajibu salamu huku mkono unazunguka. Punje hutoka kwenye kijani zikawa manjano, zikanuka kama mkate, kisha kahawia, na hapo ndipo anapoinamisha kichwa na kusikiliza. Punje zinaanza kupasuka, ta, ta, ta-ta-ta, kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Yeye huendelea hadi mlio wa pili, ule mwembamba, mafuta yakianza kung'aa, kisha anazimwaga kwenye ungo na kuzipepeta upesi ili maganda yapeperuke na joto litoke. Akichelewa kidogo tu, zinaendelea kuungua zenyewe. Hutwanga pamoja na tangawizi kavu, akachemsha.

Kwa kanuni za wateuzi wenzangu, kahawa hiyo imekaangwa kupita kiasi. Sikubaliani nao. Tangawizi pale haifichi kosa. Mapishi yote yamepangwa kuizunguka, na kikombe cha leo ni kile kile cha mwezi jana. Mzee hana mzani, ana kiganja. Mimi nina mzani na bado siku nyingine nakosa.

Njiani mambo huwa mengine. Hoteli moja ya kwenye barabara kuu, nisiyoitaja, ilituletea kikombe cha maji moto na kipakiti cha unga wa kuyeyusha. Tulikuwa kilomita chache tu kutoka mashamba ya kahawa. Nilitoa mashine yangu nikaanza kusaga pale mezani, na binti yangu akahamia meza nyingine.

Lakini safari ninayoipenda kuliko zote ni ya Desemba, tukienda kwa mama mkwe Murang'a. Watoto humwita Shosho. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kupanda kahawa kwa miaka mingi, na katika milima ya Murang'a mlango ulifunguka wazi baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka wa 1954. Miti ya Shosho ni SL28, aina iliyochaguliwa katika maabara ya Scott huko Kabete miaka ya 1930. Ujanani alifanya kibarua katika kiwanda cha kumenya kahawa, na bado anaweza kukuonyesha jinsi ya kujua kama kahawa imechacha vya kutosha: unachota kiganja, unasugua, ikiteleza, bado, ikikwaruza kama changarawe, ifungulie maji sasa. Ukichelewa, ladha ya uvundo huingia, na hakuna mkaangaji duniani anayeweza kuitoa. Mikono yake inajua kahawa kuliko ulimi wangu. Naye hunywa chai ya maziwa, asubuhi na jioni.

"Kahawa ni ya karo," aliniambia nilipomuuliza. Sikuwa na jibu. Mke wangu na ndugu zake wote walisoma kwa miti hiyo.

Nilimpikia kikombe hata hivyo, kwa kahawa ya Murang'a na maji ya Murang'a, bila sukari. Alionja, akaonja tena, akasema haina ubaya ila inahitaji maziwa. Nikampa maziwa.

Sehemu kubwa ya kahawa yetu huuzwa nje, na inayobaki wengi wetu tunaikuta ikiwa unga uliokaa rafuni tangu siku nyingi. Basi wewe uliye Kayole, Jericho au Buruburu, ukipata nafasi nunua robo kilo ya punje nzima, uulize ilikaangwa lini, na usage ile utakayokunywa siku hiyo tu. Anza siku ambayo mfereji una maji.