Pipa la Mwaloni na Umuvure: Nani Anaizuia Hewa?

Watengenezaji wa mvinyo wa ndizi hapa Rwanda wana swali moja wanalolipenda: tukiagiza mapipa ya mwaloni kutoka Ufaransa, urwagwa wetu, pombe yetu ya ndizi, utadumu na kupanda bei kama ule mvinyo mweupe wa Burgundy unaouzwa kwenye mikahawa ya Kimihurura, Kigali? Jibu langu ni hapana. Sisemi hivyo kwa kuidharau ndizi, naiheshimu mno. Nasema hivyo kwa sababu ukiufuata mvinyo ule hatua kwa hatua, tangu zabibu hadi chupa, utaona kwamba kinachoulinda usiharibike ni kitu kingine kabisa, na kitu hicho kinaweza kupatikana Kigali bila kukata mwaloni hata mmoja.

Tuanze na shamba lenyewe. Pale Puligny-Montrachet, katika jimbo la Burgundy, kuna Domaine Leflaive, shamba la ukoo mmoja lililoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwasisi wake, Joseph Leflaive, alikuwa mhandisi wa meli aliyeshiriki kuunda nyambizi ya kwanza ya Ufaransa. Alinunua mashamba na kupanda upya mizabibu baada ya wadudu wa filoksera kuangamiza ile ya zamani. Mjukuu wake Anne-Claude Leflaive alishika uongozi mwaka 1990 pamoja na binamu yake Olivier, na kufikia 1997 shamba zima lilikuwa limeacha kemikali za viwandani. Alifariki mwaka 2015, naye Brice de La Morandière wa ukoo huohuo akachukua nafasi yake.

Zabibu zao ni Chardonnay. Hukamuliwa, juisi ikaachwa itulie, kisha ikamiminwa kwenye mapipa na kuchachukia humo humo. Mvinyo hukaa ndani ya pipa miezi kama 12, ukiwa juu ya mashapo yake, yaani hamira iliyokufa na kutuama chini. Halafu wanautoa. Majira ya baridi ya pili mvinyo huo huyapitisha ndani ya tangi la chuma kisichoshika kutu, miezi sita hivi, ndipo unatiwa kwenye chupa. Hata kwa mvinyo wao wa daraja la juu kabisa, mapipa mapya hayazidi sehemu ndogo ya mapipa yote. Watu ambao jina lao limejengwa juu ya mvinyo wa pipa wanauondoa mvinyo kwenye mti mapema, tena kwa makusudi. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu asite kabla ya kuagiza kontena la mapipa.

Mti unafanya nini basi? Pipa la Burgundy huchukua lita 228. Mwaloni wa Ufaransa haupasuliwi kwa msumeno kama mbao za dari, kwa sababu vinyweleo vyake vitavuja. Hupasuliwa kwa kufuata nyuzi zake, na sehemu kubwa ya gogo hutupwa. Vibao huachwa nje miaka miwili au mitatu vikinyeshewa mvua ili uchungu wake uoshwe. Kisha pipa hukaangwa ndani kwa moto, na moto huo ndio unaozaa harufu ya vanila, ya viungo na ya mkate uliobanikwa. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba juisi ikichachukia ndani ya pipa, mvinyo hutoka na ladha ndogo ya mti kuliko ule uliochachukia kwenye chuma na kuhamishiwa kwenye pipa baadaye. Hamira hai huibadilisha vanila kuwa kitu kisicho na harufu kali, na mashapo nayo hunyonya sehemu ya yanayotoka kwenye ubao. Mashapo yana kazi ya pili, nayo kwangu ni kubwa zaidi: yanakula oksijeni.

Sasa tuje kwetu. Ndizi za urwagwa, intuntu na wenzake, hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado za kijani. Huvundikwa kwenye shimo, urwina, lililopashwa moto na kutandikwa majani ya mgomba, kisha hufunikwa kwa majani na udongo siku tatu hadi tano. Ndani ya shimo kuna joto, moshi na gesi ya ethilini inayotolewa na ndizi zenyewe, na kwa kuwa haina pa kutokea huziivisha zote kwa pamoja. Ndizi mbichi ina wanga wa asilimia 20 hivi na sukari kidogo sana. Ikiiva, hesabu hiyo hugeuka: wanga karibu unakwisha na sukari inafika asilimia 20. Mzabibu huhitaji kiangazi kizima cha jua kukusanya sukari yake. Mkulima wa Ngoma anaipata kwa shimo na siku nne, na sioni ufundi wa kuudharau hapo.

Kisha ndizi humenywa na kutiwa kwenye umuvure, lile gogo lililochongwa kama mtumbwi, zikakandwa pamoja na nyasi. Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa karibu. Ukiikanda ndizi ya kupika, inyamunyo, namna hiyo, utapata uji mzito. Ndizi za pombe zina tanini nyingi katika utomvu wake, na zikikandwa, tanini hiyo hushikamana na vitu vya nyama ya ndizi na kuviacha vigande, huku juisi ikijitenga. Nyasi huongeza msuguano na kuacha njia ya juisi kupita. Mkono wa mkandaji unaijua dakika yenyewe: nyama inaacha kunata, inakuwa kama sifongo, na umutobe, yaani juisi, unaanza kutiririka ukiwa mwepesi na wa rangi ya dhahabu. Viwanda vingi vya matunda duniani hununua vimeng'enya vya kuvunja pektini ili vifike hapo.

Juisi huongezewa maji, halafu unga wa mtama uliokaangwa. Mtama huleta rangi na harufu, na pia chakula cha hamira, maana juisi ya ndizi ni tajiri wa sukari na maskini wa naitrojeni. Hamira yenyewe haitoki kwenye pakiti. Inakaa kwenye maganda, mikononi na hasa katika nyufa za umuvure uliotumika miaka na miaka. Umuvure hufunikwa kwa majani ya mgomba, na baada ya siku moja hadi tatu pombe iko tayari. Kila gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa kama asilimia moja ya kileo, kwa hiyo nguvu ya urwagwa inategemea kiasi cha maji aliyoongeza mwenye nyumba. Ndugu zake urwagwa, tonto ya Uganda na rubisi ya Bukoba, hufuata karibu njia hiyohiyo. Mbege ya Kilimanjaro inaachana nazo kwa kuchemsha ndizi na kutumia ulezi.

Hadi hapa sioni kosa lolote. Tatizo linaanza dakika ambayo uchachu unapungua.

Wakati hamira inafanya kazi kwa nguvu, inatoa hewa ya ukaa kwa wingi, na kwa kuwa hewa hiyo ni nzito, inatanda juu ya pombe na kuizuia oksijeni. Sukari ikipungua, tandiko hilo linapotea. Oksijeni inashuka, na bakteria wa siki, ambao walikuwepo muda wote wakisubiri, wanaanza kugeuza kileo kuwa asidi ya siki. Bakteria hao bila hewa hawawezi kitu. Wakipata hewa, joto na uso mpana wa pombe, siku chache zinawatosha.

Linganisha maumbo mawili. Chukua umuvure wenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 40: uso unaokutana na hewa ni sentimita za mraba 8,000. Tundu la pipa la Burgundy lina kipenyo cha sentimita 5 hivi, yaani sentimita za mraba 20. Tofauti ni mara 400. Na tundu hilo huzibwa kwa kizibo, na kila mara mvinyo unapopungua kwa kupita kwenye vinyweleo vya ubao, mtunza ghala huliongezea pipa mvinyo hadi lijae pomoni. Ghala lenyewe lina nyuzi joto 12 hadi 14. Kigali wastani ni nyuzi 20 na ushei, na chini ya majani ya mgomba joto ni zaidi ya hapo.

Wazee wetu walikuwa na jibu lao, nalo lilikuwa sahihi kabisa kwa mahitaji yao: waliinywa pombe hiyo mapema. Urwagwa uliandaliwa kwa siku ya posa, ya harusi au ya kazi ya pamoja, ukanywewa kwa umuheha, yaani mrija, ukiwa bado unatoa mapovu, kabla tandiko la hewa ya ukaa halijaondoka. Kipimo cha muda kilikuwa sherehe yenyewe. Anayetaka kuipeleka pombe hiyo dukani ikakae miezi sita ameibadilisha kazi yake, na hawezi kuendelea na chombo kilekile mwanzo hadi mwisho.

Kuna tofauti nyingine, ya ukali wa asidi, ambayo naona haizungumzwi vya kutosha. Kipimo chake ni pH: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi. Juisi ya Chardonnay ya Burgundy huwa na pH ya 3.2 au 3.3. Juisi ya ndizi huzunguka 4.5 au zaidi, na hata ikichachuka hubaki karibu na 4. Namba hizi zinaonekana kukaribiana, lakini zinaamua kila kitu. Wafaransa hulinda mvinyo mweupe kwa salfa dioksaidi, na sehemu ya salfa inayoua vijidudu hutegemea pH. Kwenye 3.2 ni kama asilimia 4 ya salfa iliyo huru. Kwenye 4.0 haifiki hata asilimia moja. Mtengenezaji wa mvinyo wa ndizi anayenakili kipimo cha salfa kutoka kitabu cha Kifaransa anapata ulinzi mdogo mara sita hivi, naye anashangaa kwa nini chupa zimegeuka siki. Akiongeza salfa mara sita, mvinyo haunyweki. Dawa ni kushusha pH kwanza, kwa asidi ya limau au kwa kuchanganya juisi ya marakuja, tunda ambalo Rwanda inalo kwa wingi.

Anayedhani mwaloni wenyewe ni kinga, atazame yaliyowapata watu wa Burgundy. Mvinyo mweupe wa misimu ya katikati ya miaka ya 1990, hasa 1996, ulitarajiwa kukaa miaka 15 au 20. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanunuzi wakaanza kufungua chupa na kukuta mvinyo wa rangi ya kahawia, wenye harufu ya tufaha lililooza. Ulikuwa umelelewa kwenye mapipa mazuri kuliko yote duniani. Walioshukiwa ni vizibo duni, salfa iliyopunguzwa, mashine za kukamua kwa upole kupita kiasi, na tabia ya kuyakoroga mashapo mara kwa mara hadi yakaingiza hewa badala ya kuizuia. Mashamba mengi yalibadilisha taratibu zao, na Leflaive wenyewe, kuanzia msimu wa 2014, wakahamia vizibo vya DIAM vinavyotengenezwa kwa gamba la mti lililosagwa, kusafishwa na kugandishwa upya. Waliitafuta hewa ilipokuwa ikiingilia, wakaziba.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa watengenezaji wa hapa ni huu. Umuvure usitupwe. Ndimo ndizi inamokandwa, ndimo uchachu unamoanzia, na ladha ya nyumba fulani inatoka humo. Lakini siku ya pili au ya tatu, mapovu yakiwa bado yanapanda, hamishia pombe kwenye tangi la chuma lenye kifuniko kinachoelea juu ya kimiminika, ili pasibaki nafasi ya hewa hata tangi likiwa nusu. Pima pH na uishushe kabla ya kutia salfa. Acha uchachu umalizike kweli, maana sukari iliyobaki ndiyo inayopasua chupa na kufurisha madumu. Tenga mashapo mazito, yaache yale mepesi wiki chache yafanye kazi yake ya kunyonya oksijeni. Na dumu la plastiki lisitumike kuhifadhia mvinyo wa kuuza: plastiki ile hupitisha oksijeni polepole hata ikiwa imefungwa kwa nguvu.

Pipa moja jipya la Kifaransa linauzwa kwa zaidi ya euro 700, na baada ya misimu mitatu au minne halitoi tena ladha ya maana. Kipima pH kizuri, kipimajoto na kifuniko kinachoelea hugharimu chini ya hapo na hutumika miaka mingi. Nunueni hivyo kwanza. Mvinyo wa ndizi ukishaweza kukaa mwaka mzima kwenye chupa bila kugeuka siki, hapo ndipo tuzungumze habari ya mwaloni.