Shuka Chini ya Mgunga

Alitandika shuka lake chini ya mgunga, akapanga juu yake kila alichodhani atakihitaji njiani, kisha akaanza kuondoa. Hapo ni Matasia, kiangazi cha 2022, mvua zimetukataa msimu baada ya msimu, na mzee jirani yangu anajiandaa kuwapeleka kondoo wake Loita. Ni safari ya kushuka Kona Baridi, kuvuka joto la Magadi, halafu kuupanda ukingo wa Nguruman hadi kwenye ubaridi wa milimani.

Sufuria ikatoka. Tochi kubwa ikatoka, maana simu yake ya mulika mwizi ina taa. Blanketi alilonunuliwa na bintiye alilishika kidogo, akalikunja vizuri, nalo likatoka. Kila alipookota kitu alikiuliza swali lile lile, kwa sauti, kama anayemhoji mtu: “Wewe utatembea mwenyewe?”

Mwishoni yakabaki mashuka mawili, sime, rungu, fimbo, sindano nene na uzi, chumvi, dawa ya kondoo, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni, na kibuyu. Akala alikuwa amezivaa. Jioni iliyotangulia nilimkuta akizichonga kwa kisu, anapunguza ukingo wa tairi ulioachwa mnene na fundi wa sokoni. Nikamuuliza, mzee wangu, vipande hivyo vidogo vina uzito gani? Akanikabidhi vyote kiganjani. “Kijana, vibebe wewe mpaka Loita, kwa mguu.”

Kibuyu ndicho kilichonikalisha pale hadi jua likapanda. Wamaasai hukiita enkukuri, na kazi yake ni ya mama wa boma. Alfajiri mkewe alichoma kijiti cha oloirien, ule mzeituni wa mwituni, mpaka ncha ikawa kaa jekundu, akakiingiza ndani ya kibuyu na kukisugulia ukutani taratibu, akikizungusha. Moshi ukatoka mdomoni mwa kibuyu kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi. Akakung'uta majivu, akanusa, akarudia. Mara ya tatu ndipo akaridhika, akamimina maziwa.

Maziwa ya kibuyu kilichofukizwa hivyo hukaa siku nyingi, yakaganda bila kuharibika, nayo hushibisha kuliko chakula cha sufuria kinachodai kuni, maji na muda. Basi ile sufuria haikuondolewa na mzee peke yake. Iliondolewa na mkewe alfajiri, kwa kijiti cha moto. Wepesi wa mzigo wa mchungaji huanzia mikononi mwa mwanamke, na wanaousifu ujasiri wa wanaume porini hulisahau hilo.

Nchi hii imewaona wasioweza kuacha kitu nyumbani. Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani aliyekuja kuwinda, aliposhuka kwenye treni pale Kapiti mwaka 1909, alingojwa na wapagazi zaidi ya 200; walimbebea hadi maktaba ya vitabu na bendera kubwa ya Marekani. Kwenye vilima vyetu vya Ngong amezikwa mwindaji Finch Hatton, aliyewaongoza matajiri wa aina hiyo. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku, bunduki zikanyamaza. Wachungaji waliendelea kuvuka mbuga zile zile na mzigo unaoenea kwenye bega moja.

Siku hizi Jumamosi nawaona vijana wakipanda Ngong, migongo imeinama kwa mabegi, matembezi ya saa chache tu. Wanaporudi mabegi yamekuwa mepesi, na chupa ziko majanini. Huo ni wepesi wa kumtupia mwenzako mzigo, na unaniuma, kwa sababu wengi wao ni wajukuu wa watu waliohama na mifugo.

Mzee alitoka Matasia na kondoo 41, wale wekundu wa Kimaasai ambao minyoo haiwasumbui sana. Alirudi mvua ziliponyesha, akiwa na 29, shuka moja, na kibuyu kizima. Shuka la pili alimfungia mwanakondoo aliyezaliwa ukingoni Nguruman, usiku wa baridi. Hakujutia kitu chochote alichokiacha nyumbani.

Hajasafiri tena. Kati ya boma lake na barabara ya Kiserian pamejengwa ukuta wa mawe, kisha mwingine, na mahali kondoo walipopita pana geti lenye kufuli. Wanawe wakihamisha mifugo hukodi pikapu.

Kama kwenu yuko mzee aliyewahi kuhama na mifugo, mwombe atandike shuka. Keti naye mpaka aondoe kitu cha mwisho, na umwite bibi aje na kijiti chake.