Sifa kwa Mwalimu wa Kwaya

Kati ya mafundi wote wa Mbeya, anayesifiwa kidogo kuliko wote ni mwalimu wa kwaya ya sekondari. Hutunga wimbo wa mahafali ya kidato cha nne, akaufundisha jioni kwa jioni madarasa yakiwa yamefungwa. Unaimbwa siku moja ya Septemba au Oktoba, mama waliofunga vibanda vyao Mwanjelwa kuja kuwaona watoto wanajifuta macho kwa ncha ya khanga, mgeni rasmi anapiga makofi. Novemba watoto wanaingia kwenye mtihani wa taifa, na wimbo umekwisha. Nani kautunga? Haulizi mtu. Basi leo naomba tumsifu mtu huyu, na nianze na kazi yake ngumu kuliko zote, ambayo ni koo la kijana.

Mvulana anaingia kidato cha kwanza akiwa na miaka 13 au 14, na sauti yake ndiyo kwanza inaanza kushuka. Ikifika inakokwenda itakuwa chini karibu oktavu nzima ya ile aliyoimbia shule ya msingi. Njiani hapo haina uaminifu: noti aliyoipata juzi leo inamponyoka, wenzake wanacheka, naye anaapa kutoimba tena. Mwalimu mvivu humweka pembeni apige makofi. Mwalimu fundi humsikiliza kwanza peke yake, kama fundi cherehani anavyozungusha utepe kifuani kwa mteja kabla ya kugusa mkasi, kisha anamtungia sauti ya nne yenye noti nne au tano tu, zinazorudi kwenye do na so mahali ambapo koo halitamwaibisha. Wasichana wa sauti ya kwanza anawapa kilele cha wimbo, lakini hawaweki huko juu muda mrefu, maana baridi ya Juni na Julai chini ya mlima Loleza huwaachia wengi mafua na sauti ya kukwaruza. Ukisikia kwaya ya shule ikiimba bila mtu kukaza shingo, jua kwamba kuna mtu aliyepima.

Japani kazi hii wameipa heshima yake. Nyimbo nyingi za shule zao za kati, za watoto wa miaka 12 hadi 15, hupangwa kwa sauti tatu badala ya nne: mbili za wasichana na moja tu ya wavulana wote, ili aliyekwisha kushuka na anayeshuka wasimame pamoja. Mashindano ya kwaya za shule ya shirika la utangazaji la NHK yalianza mwaka 1932 na yapo hadi leo. Mwaka 2008 wimbo wa mashindano hayo kwa shule za kati ulitungwa na mwanamuziki Angela Aki, kwa mfano wa barua ya kijana wa miaka 15 kwa nafsi yake ya baadaye, na jibu la mtu mzima kwake.

Ninaoupenda zaidi, hata hivyo, haukutoka kwa mwanamuziki maarufu. Mwaka 1991, katika shule ya kati ya Kagemori, mji wa Chichibu, mkuu wa shule Kojima Noboru aliandika maneno ya kuwaaga wanafunzi waliokuwa wanamaliza, na mwalimu wa muziki Sakamoto Hiromi akayatilia sauti. Walimu wenyewe ndio waliouimba mbele ya wanafunzi wao, na ilidhaniwa utaimbwa mara hiyo tu. Mkuu yule alistaafu mwaka huohuo. Lakini noti zake zilichapishwa, zikasafiri kutoka shule hadi shule, na leo "Tabidachi no Hi ni" ni miongoni mwa nyimbo zinazoimbwa zaidi kwenye mahafali ya nchi nzima. Uliandikwa kwa watoto wa shule moja, waliojulikana kwa majina na kwa sauti, na ndiyo maana, naamini, uliwaenea watoto wa shule nyingine zote.

Nasi tunao ushahidi wa karibu zaidi. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg alipotunga, mwaka 1897, wimbo kwa ajili ya wanafunzi wake. Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Sauti zile ndizo tulizozitilia maneno ya Kiswahili na kuzifanya wimbo wa taifa mwaka 1961. Ukivuka mpaka pale Tunduma, utawakuta wanafunzi wa Zambia wamesimama wima kwa wimbo uleule, kwa maneno yao. Mataifa mazima yanaimba kazi ya mwalimu wa shule.

Sontonga aliandika kwa tonika solfa, na walimu wetu wa kwaya wanaandika hivyohivyo. Mfumo huo ulianzia kwa Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, ukakamilishwa na John Curwen, na wamisionari wakaueneza. Hauhitaji kinanda wala karatasi yenye mistari mitano. Herufi d, r, m, f, s, l, t, nukta mbili kati ya mapigo, kistari cha kuvuta sauti, na chaki. Mwalimu akishaujaza ubao, darasa zima linaweza kunakili wimbo wa sauti nne kwenye daftari la kawaida.

Kisha kuna maneno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wamoravian na Walutheri wa Berlin, waliofika nyanda hizi mwaka 1891, walikuja na tuni za Kijerumani, na nyingi kati yake humaliza mstari kwa pigo zito kwenye silabi ya mwisho. Ndiyo maana katika tenzi tunavuta maneno kwa nguvu mahali pasipo pake. Mtunzi mzuri wa mahafali hasemi habari hizi, ila ukiuimba wimbo wake unasikia neno "maisha" limekaa kama linavyosemwa sokoni.

Sizipendi nyimbo za mahafali zinazotumia beti tano kumwomba mgeni rasmi uzio na maabara. Mahitaji ni ya kweli, na risala ipo kwa ajili hiyo. Mtoto wa miaka 17 anayeachana na rafiki zake ana hofu na tumaini lake mwenyewe, na anastahili wimbo unaoyasema. Wala sifurahii kuona kwaya inapewa dakika chache ili spika za kukodi zichukue ukumbi kwa bongo fleva. Bongo fleva ni muziki mzuri, lakini umetungiwa koo la mwimbaji mmoja na mitambo ya studio, na watoto arobaini wakijaribu kuuimba pamoja wengi hubaki wakisogeza midomo.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule, kuanzia Iringa hadi Tunduma: kabla ya mahafali ya mwaka huu, mwambieni mwalimu wenu wa kwaya aandike wimbo wake kwa wino, sauti zote nne, na chini yake jina lake, jina la shule na mwaka. Toeni nakala zake, moja ikae maktaba, nyingine zipelekwe shule za jirani. Na wanaosimamia UMISSETA, umoja wa michezo wa shule za sekondari ambao neno sanaa limo kwenye jina lake, wazikusanye nyimbo hizo kila mwaka na kuzichapisha.