Huyo Si Mbuzi

Niliagizwa na mama, sokoni nilete mbuzi,
Nikarudi nikihema, mabegani nina mbuzi,
Alicheka akasema, "Mwanangu, huyo si mbuzi,"
Na nazi zakaa nzima, zangoja meno ya mbuzi.

Ubeti huu nimeutunga kwa ajili ya safu hii, ili niufungue kama fundi afunguavyo saa na kuonyesha kila gurudumu lilipo. Ni tarbia ya kawaida: mishororo minne, mizani nane kila upande, kina cha kati "ma", cha mwisho "zi". Hakuna neno hata moja ambalo mtoto wa darasa la tatu halijui. Hata hivyo ndani yake kuna kazi ya sarufi ambayo tukicheka hatuioni, na ninaamini hapo ndipo ufundi wa ushairi mwepesi wa Kiswahili ulipojificha.

Kwanza mbuzi wenyewe. Yuko mnyama, na iko mbuzi ya jikoni: kile kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma uliochongwa meno, ambacho mtu hukikalia na kukunia nazi. Umbo la neno ni moja. Lakini Kiswahili hakiachi neno litembee peke yake, kinalipa walinzi. Mbuzi wa kufugwa *amelala*, mbuzi ya kukunia *imelegea*. Huyu, hii, wangu, yangu, mmoja, moja. Karibu kila kitenzi, kila kivumishi, kila kiashiria kinachokaribia neno hilo kinatangaza ngeli yake, na ngeli ikishatangazwa maana ya pili imekufa. Ndiyo maana orodha zetu za shuleni za kaa, paa na panda hazichekeshi mtu. Kuyajua maneno yenye maana mbili ni rahisi. Kazi ngumu ni kutafuta sentensi ambazo mlinzi amelala.

Mshororo wa kwanza unamlaza mlinzi kwa kumweka mbuzi mahali pa yambwa. "Nilete mbuzi": nafsi iliyo ndani ya kitenzi ni yangu mimi, na mbuzi anakuja nyuma bila kudai chochote. Hapa pana jambo la kuangalia kwa makini. Kama angekuwa mtu, sikio lingetaka kiambishi: *nimlete* mgeni, si *nilete* mgeni. Kwa mnyama lugha inaruhusu yote mawili, na ruhusa hiyo ndogo ndiyo inayofanya mzaha uwezekane. Kama mama angekuwa na mbuzi fulani akilini, yule mweupe wa jirani, angesema *nimlete*, na ubeti ungeishia hapo hapo.

Mshororo wa pili unatumia "nina", kitenzi cha kumiliki ambacho nacho hakimgusi anayemilikiwa. Sarufi inaendelea kunyamaza, lakini picha imeanza kusema: hakuna anayehema kwa kubeba kigoda cha nazi, na hakuna anayekitia mabegani. Msomaji anamwona mnyama. Nimetaka amwone mapema, kabla ya msimulizi kujua kwamba amekosea, kwa sababu kicheko cha mtu anayeona shimo kabla ya mwenzake kutumbukia kina utamu kuliko kicheko cha kushtukizwa.

Kisha mlinzi anaamka. "Huyo si mbuzi." Kiashiria kinafuata kile ambacho macho ya mama yanakiona, mnyama mzima anayelia mlangoni, na neno "mbuzi" linafuata kile ambacho moyo wake ulikitaka. Ngeli mbili zimegongana katika maneno matatu. Ukibadilisha herufi moja tu, ukaandika "hiyo si mbuzi", sentensi inabaki na sarufi safi lakini haina uhai, kwani mama atakuwa anakosoa chombo cha jikoni ambacho hakipo. Upatanisho uleule tuliokuwa tukiukwepa kwa mishororo miwili sasa ndio unaobeba mzaha wote. Hili ndilo jambo ninalolipenda zaidi katika utunzi wa namna hii: kizuizi hakiondolewi, kinangojewa mpaka wakati wake.

Mshororo wa mwisho una hila nyingine, "meno ya mbuzi". Ile "ya" ni ya meno, haimhusu mbuzi hata kidogo. Kihusishi cha -a hupatana na kinachotangulia, kwa hiyo jina linalokuja nyuma yake liko huru. Mnyama ana meno, chombo kina meno, na mbuzi mwenye njaa karibu na nazi si jambo la mbali. Sikutaka kufunga mlango.

Ziko njia nyingine ambazo ubeti huu haukuzitumia. Vimilikishi vya wingi ni moja: "mbuzi zangu" husemwa kwa mifugo na kwa vyombo vilevile. Nyingine, yenye nguvu zaidi, ni kukisemesha kitu. Ukisema "Ewe paa, umenichosha," kila ngeli imegeuka nafsi ya pili, na paa wa porini na paa la nyumba linalovuja wanajibu kwa "u" moja.

Maneno ya kukopa nayo yametufungulia uwanja mpya. "Laini" ni kivumishi kisichobadilika: moyo laini, mikono laini, kitambaa laini. Simu ilipokuja ikatuletea laini nyingine. Weka hizo mbili pamoja: *moyo laini, laini moja.* Mpenzi ameahidi upole na uaminifu kwa maneno manne, na ahadi hiyo ingekaa vizuri kwenye pindo la kanga.

Lakini kuna michezo inayoishi kwenye karatasi na kufia mdomoni. Barabara ya magari hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho. Kufanya kazi barabara, kwa maana ya sawasawa, hukazwa ile inayoitangulia. Jicho linaona neno moja, sikio linasikia mawili. Paa naye ana siri yake: kwa wazungumzaji wa Mombasa wanaohifadhi matamshi ya zamani, mnyama hutoka na pumzi ya nguvu kwenye "p", paa la nyumba hutoka bila pumzi hiyo. Wengi wa Dar es Salaam na bara hawatofautishi. Shairi hilohilo basi linaweza kuwa na mzaha Kariakoo na lisiwe nao Mji wa Kale. Mtunzi anayepanda jukwaani sharti ajue anasomea masikio gani.

Tumebishana sana juu ya umbo la shairi. Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za utunzi mwaka 1954. Mshairi Kezilahabi akatoa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974 bila vina wala mizani, na mabishano yakapamba moto. Kwa mzaha wa maneno nadhani kina kina faida moja ya wazi: kinaliweka neno mwishoni, pale sikio linapopumzika na kulipima. Mbuzi wangu wanne wasingevumilika katika mshororo huru. Hapa wanavumilika kwa sababu maana inahama kila wanaporudi. Muyaka bin Haji, anayesifiwa kwa kuuleta ushairi sokoni Mombasa katika karne ya 19, aliwatungia watu waliokuwa wakisikiliza, si wenye nafasi ya kurudia ukurasa.

Kwa hiyo usiusome ubeti ule kimya. Msomee mtu anayekuna nazi, tua kidogo baada ya "Mwanangu", kisha litamke "huyo" polepole ukimwangalia usoni.