Shujaa Asiye na Mvua: Uhakiki wa Toleo la 198 la Uncanny X-Men

Mnamo Oktoba 1985 kampuni ya Marvel ya Marekani ilichapisha toleo la 198 la mfululizo wa katuni wa Uncanny X-Men, lililoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na Barry Windsor-Smith. Toleo hilo ni mwendelezo wa lile la 186 la Oktoba 1984, na yote mawili yanajulikana kwa jina la Lifedeath, yaani uhai na kifo vilivyounganishwa kuwa neno moja. Mhusika wake mkuu ni Ororo Munroe, aitwaye pia Storm, binti wa mama Mkenya na baba Mmarekani, ambaye alikuwa na uwezo wa kuamuru upepo, mvua na radi. Katika matoleo haya uwezo huo umekwisha kupotea. Uhakiki huu unalisoma toleo la 198 kwa jicho la msomaji wa Nyakato, jijini Mwanza, ambaye nyika ya Serengeti kwake si nchi ya mbali. Hoja yake ni kwamba toleo hilo linafaulu pale linapomgeuza shujaa kuwa mkunga, na linashindwa pale linapomgeuza mzee wa kijiji kuwa ishara tupu.

Msuko wa toleo hili ni mwepesi. Ororo anatembea kwa miguu Afrika, amechoka na amejeruhiwa. Anakutana na Shani, mwanamke mjamzito, na anamsaidia kujifungua. Kisha anamsindikiza mzee Mjnari, anayeondoka kijijini kwenda kufa ili nafasi yake ichukuliwe na mtoto aliyezaliwa. Mfululizo uliojengwa juu ya mapigano unampa msomaji safari, uzazi na mazungumzo. Mwendo wa polepole wa usimulizi ni wa lazima, kwa kuwa mtu aliyezoea kupaa hawezi kuuona uso wa mwenzake mpaka atembee naye njia moja.

Mbinu hii si ngeni katika fasihi ya Kiswahili. Katika utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa ambaye silaha za kawaida hazimdhuru anafungwa gerezani. Anayemwokoa ni mama yake, anayeficha tupa ndani ya mkate wa pumba, pamoja na Saada, kijakazi anayeupeleka. Nguvu za Liyongo zinarejea kwa sababu ya unga wa jikoni na miguu ya mwanamke asiye na cheo. Tofauti ni kwamba Liyongo hupokea msaada, ilhali Ororo hujifunza kuutoa bila muujiza wowote. Kwa hiyo tukio la Shani kujifungua ndilo kilele halisi cha toleo hili. Mikono ya Ororo inafanya kazi ambayo radi isingeweza kuifanya.

Mlinganisho wa karibu zaidi unapatikana katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliichapisha mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Humo pia mtoto anasubiriwa kwa muda mrefu, na mwendo wa hadithi ni wa taratibu: maamkizi, safari za kwa wakwe, pombe ya ndizi, dawa za mganga. Hata hivyo, polepole ya Kitereza imejaa watu. Uzazi unazungukwa na jamaa, majirani, masengenyo na madeni ya heshima. Nyika ya Claremont, kinyume chake, ni tupu kiasi kwamba watu wake wachache wanabeba falsafa badala ya maisha.

Majina yanathibitisha tofauti hiyo. Shani ni neno la Kiswahili lenye maana ya jambo geni la kustaajabisha, nalo ni jina linalomfaa mwanamke anayeleta uhai mpya. Ororo, ambalo katika masimulizi ya katuni hufasiriwa kuwa uzuri, linafanana na mzizi wa kivumishi -ororo, yaani laini, na ulaini ndio fadhila anayojifunza mhusika huyu. Lakini Mjnari ni jina lisilotamkika kwa kanuni za Kiswahili, kwa kuwa sauti j haifuatwi na n katika silabi zake. Utetezi kwamba kijiji ni cha kubuni hautoshi, kwani hata lugha za jirani, kama Kisukuma na Kikerewe, hazina mfuatano huo. Katika eneo la maziwa makuu jina huwa na habari za kuzaliwa kwa mtu. Nyakato, kwa mfano, katika Kihaya ni jina la pacha wa kike aliyezaliwa wa pili. Ntulanalwo wa Kitereza hubeba katika jina lake habari ya kuishi na kifo. Mjnari habebi habari yoyote. Mwandishi alimsikiliza Shani. Mzee alimtungia tu sauti za kigeni.

Udhaifu huo una uzito kwa sababu ya jambo ambalo mzee huyo anatakiwa kulihalalisha. Mwaka 1985 ulikuwa mwaka wa njaa ya Ethiopia, na Marvel yenyewe ilitoa katuni ya Heroes for Hope kuchangia waathirika wa njaa barani Afrika. Katika mazingira hayo, kanuni kwamba mzee mmoja aondoke kila mtoto anapozaliwa inaufanya uhaba uonekane kuwa sheria ya maumbile. Swali la nani anawajibika linafunikwa na uzuri wa kitendo cha kujitoa. Mapokeo ya Ukerewe yalikuwa na jibu jingine: mtawala aliyetarajiwa kuleta mvua angeweza kulaumiwa, hata kuondolewa, iwapo mvua ilikosekana au ilizidi. Uwezo juu ya mvua ulikuwa dhamana mbele ya watu.

Barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma inapita Nyakato, Igoma, Kisesa na Magu hadi Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Pembezoni mwake kuna mashamba, minada na wajawazito wanaosubiri usafiri. Msomaji wa njia hiyo atamtambua Shani mara moja. Mjnari atambaki kuwa mgeni, na kosa hilo si la msomaji.