Qur'ani Haihitaji Cheti cha Daktari

Huenda kitabu ninachokitaja unacho nyumbani, au mwanao amekiazima kwa rafiki. Ni kile cha Maurice Bucaille, daktari wa Kifaransa, kilichotoka Paris mwaka 1976, anacholinganisha Biblia, Qur'ani na sayansi. Hukumu yake ni kwamba Qur'ani haina kauli inayopingana na elimu iliyothibiti.

Mtu huyu namshukuru. Hakuisema Qur'ani kwa kusikia. Alijifunza Kiarabu, ndipo akaisoma. Na alitufikia wakati vijana wetu walikuwa wakirudi skuli wakiona haya, wameambiwa kuwa dini mahali pake ni msikitini na mambo ya dunia waachiwe wataalamu. Mimi mwenyewe nimekisomesha, na nimefurahi kuona nyuso zao zikichangamka.

Lakini itazame njia anayoipita. Katika Sura Adh-Dhariyat, aya ya 47, Mwenyezi Mungu anataja mbingu alivyozijenga, na neno lililokuja hapo ni musi'un. Bucaille anaona humo habari ya ulimwengu unaopanuka. Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria, alilieleza kwa wasaa wa uwezo. Sisemi maana ya Bucaille haiwezekani, lugha inaibeba. Nauliza tu: lau angeandika mwaka 1917? Mwaka huo Einstein alitia namba maalumu katika hesabu zake ili ulimwengu utulie, usipanuke wala usisinyae. Hubble alitoa vipimo vyake vya makundi ya nyota za mbali mwaka 1929. Je, kabla ya hapo tungeisomesha aya kwa maana ya utulivu, kisha tuwaambie waumini tulikosea? Bucaille hujikinga kwa kusema anachukua yaliyothibiti tu. Na utulivu ule nao wengi hawakuutilia shaka.

Kijana mmoja aliniuliza darasani, "Sheikh, wao wakibadili neno lao, na sisi tubadili tafsiri?" Nilimjibu kwa maneno mengi, na wewe wajua mwalimu husema maneno mengi wakati gani.

Jibu lilikuwamo katika Bukhari na Muslim. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume S.A.W., jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Fikiri, ndugu yangu: ushahidi umekuja wenyewe mpaka mlangoni, kutoka mbinguni, na angenyamaza tu ungemtosha. Naye, hali ana msiba wa mwana, akawakatalia. Aliwaambia kwamba jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake. Akawaamrisha sala na dua. Leo wataalamu hutaja saa na dakika ya kupatwa jua miaka mingi kabla, na sala ya kusuf haikupungua hata rakaa moja.

Anayetaka dini isisikike barazani penye mashauri ya umma, sisi humwonyesha kitabu cha Bucaille. Kwa kumjibu hivyo tumekwisha kumkubalia kuwa hakimu ni maabara, na Qur'ani ni mshitakiwa aliyebahatika kuachiliwa.

Kitabu chenyewe sijakitoa kabatini. Anayekuja kukiazima humpa, na siku hizi humpa na juzuu ya Tabari, asome aya ile kwanza.